Parabole ao mega? Televisheni ya kulipia inaenda wapi ndani ya Goma

Mwezi wa tisa 2025, kampuni ya Ufaransa Canal+ ilimaliza kuchukua MultiChoice, ile kampuni ya Afrika Kusini yenye DStv na GOtv. Kwa pamoja sasa wanahesabu zaidi ya watu milioni 40 wenye abonema, katika nchi karibu 70. Kwa mkaaji wa Goma, habari hiyo ilipita bila kelele. Mji ulikuwa na mengine ya kuwaza. Lakini inamgusa, juu inakuja wakati ambapo vijana wengi wa Himbi, Katoyi na Ndosho wanasema wazi kwamba parabole imemaliza siku zake, kwamba sasa kila kitu ni simu na mega.

Ni kweli? Kwa nchi zingine jibu limekwisha patikana. Kule Marekani, kampuni ya Nielsen, ambayo kazi yake ni kupima vile watu wanaangalia televisheni, iliandika kwamba mwezi wa tano 2025 watu walitumia wakati mwingi kwa strimingi, 44,8 kwa mia, kuliko televisheni ya kawaida na ya kebo zikiwekwa pamoja. Strimingi ni ile ya kuangalia kwa njia ya intaneti: Netflix, YouTube na zingine za namna hiyo. Unachagua filamu unayotaka, saa unayotaka, badala ya kungoja chaneli ikuletee kwa saa yake.

Huku Afrika pia dalili zinaonekana. MultiChoice ilipoteza karibu wateja milioni 2,8 katika miaka miwili iliyoisha mwezi wa tatu 2025. Ikabakia na milioni 14,5. Mtu akisoma namba hizo haraka atasema basi, parabole inakufa na strimingi inarithi nyumba. Ila lazima kuuliza wale watu walienda wapi.

MultiChoice yenyewe ilitaja sababu zake: makuta ya Nigeria iliyoanguka, bei ya maisha, watu wanaoiba picha, ushindani wa strimingi na mitandao ya kijamii, na tena umeme. Mfano wa Zambia unafaa kusomwa vizuri hapa kwetu. Mwaka 2024 ukame ulishusha maji ya ziwa Kariba, pale Zambia inatoa sehemu kubwa ya umeme wake, na moto ukawa unakatika kwa saa nyingi za siku. Watu wakaacha kulipa abonema, juu hakuna mtu anayelipia televisheni inayolala giza. Wale hawakukimbilia Netflix. Walizima tu.

Upande wa strimingi nao haukuwa karamu. Kampuni ileile ya MultiChoice ilianzisha Showmax mwaka 2015, ikaifufua upya mwezi wa pili 2024 pamoja na Wamarekani wa NBCUniversal. Katika mwaka mmoja ulioisha mwezi wa tatu 2025, Showmax ilikula hasara ya karibu randi bilioni 5. Amazon, ambaye ni tajiri kuliko wote hao, alitangaza mwezi wa kwanza 2024 kwamba anaacha kuagiza filamu mpya za Afrika kwa ajili ya Prime Video. Netflix ilisema mwaka 2023 kwamba tangu 2016 imeweka dola milioni 175 katika filamu za Afrika, lakini nchi zilizotajwa ni tatu: Afrika Kusini, Nigeria na Kenya. Kongo haimo.

Kwa hiyo hapa Goma, vita ya parabole na intaneti haiamuliwi na uzuri wa filamu. Inaamuliwa na vitu vingine ambavyo kila mama wa nyumba anavijua: umeme, mega, namna ya kulipa, na mpira.

Umeme na bidoni

Tuanze na umeme. Goma imebahatika kuliko miji mingi ya Kongo. Kuna SNEL, kuna umeme wa Virunga unaotoka Matebe kule Rutshuru, mtambo wa megawati 13,8 uliofunguliwa mwisho wa 2015, na kuna Nuru, iliyowasha mwaka 2020 mtambo wake wa jua wa megawati 1,3. Katika Kongo nzima, ni karibu mtu mmoja kati ya watano tu ambaye anapata umeme. Lakini kuwa na waya kwa nyumba si kuwa na moto kila usiku. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, vita ilipoingia mjini, umeme na maji vilikatika pamoja, na simu nazo zikasumbua.

Simu ndogo inajazwa kwa wati tano ao kumi. Televisheni ya kisasa, hata ile ndogo, pamoja na dekoda yake, inakula kama wati 50 ao 60. Familia yenye pano moja ya jua na bateri moja inapiga hesabu yake haraka: taa, simu za watu watano, kisha televisheni kama kitu kimebakia. Kwa upande huu simu inashinda, hakuna ubishi. Mtu anaweza kujaza simu kwa jirani, kwa kioski, hata kwa gari. Televisheni hauwezi kuibeba kwa mfuko ukaijaze Birere.

Ila simu iliyojaa moto bila mega ni kioo tu.

Netflix yenyewe inaeleza kwamba filamu yenye picha ya kawaida inaweza kula hadi giga 1 kwa saa, na picha safi hadi giga 3. Chukua nyumba ya kawaida: watoto wanaangalia katuni saa moja, mama anaangalia filamu ya Nigeria saa moja, baba anaangalia mechi saa mbili. Hizo ni giga 4 kwa siku kwa picha ya kawaida. Kwa mwezi ni giga 120. Msomaji achukue bei ya mega anayolipa kwa Airtel, Vodacom ao Orange, azidishe mwenyewe, kisha aweke kando ya bei ya abonema ndogo ya parabole. Wengi watacheka.

Kuna watu wanaovuka hesabu hiyo kwa njia ya mpaka. Goma na Gisenyi ni mji mmoja uliokatwa na barriere, na wenye kukaa karibu na mpaka wanajua kwamba simkadi ya Rwanda inashika hadi ndani ya nyumba. Wengine wana wifi ya mwezi ofisini ao nyumbani, na hao ndio wanaosema kwa sauti kubwa kwamba parabole imekufa. Wana haki, kwa nyumba zao. Lakini wao si mji.

Tofauti kubwa kati ya njia hizi mbili haielezwi sana. Picha ya satelite inashuka sawa vile mvua. Inashuka mara moja juu ya Goma, Sake, Butembo, Bunia na Kindu. Watu elfu moja wakiweka beseni nje ao milioni moja, mawingu hayachoki. Intaneti ni bidoni. Kila mtu anapanga mstari kwa robine na kuchota yake, na watu wakiwa wengi saa moja, maji yanatoka tone kwa tone. Ndiyo maana saa mbili ya usiku, wakati kila mtu amefika nyumbani na kufungua simu, picha inaanza kuzunguka. Teknolojia si mbaya, robine ni ndogo.

Starlink, ile intaneti ya satelite ya Elon Musk, inaweza kubadilisha sehemu ya hesabu hiyo. Iko Rwanda tangu mwezi wa pili 2023. Kwa Kongo, ARPTC, ofisi inayosimamia mambo ya simu, iliikataza mwezi wa tatu 2024, kisha ikaipa ruhusa mwezi wa tano 2025. Kwa shule, hospitali ao hoteli, ni jambo kubwa. Kwa familia ambayo inalipa kwa wiki, kununua vifaa vya intaneti kwa mara moja, kisha kulipa kila mwezi, bado ni mlima.

Kulipa bila benki

Kitu cha tatu ni pesa, na hapa mwaka 2025 umefundisha Goma somo ambalo miji mingine haijalipata.

Netflix na wengine kama yeye wamejengwa kwa watu wenye karti ya benki. Karti inakatwa kila mwezi, yenyewe, hata kama hukumbuki. Lakini tangu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, wakati AFC/M23 ilipochukua mji, benki za biashara za Goma zilifunga milango. Mtu aliyekuwa na mshahara benki alibakia na namba ndani ya simu bila gishe ya kutolea. Noti zikawa haba, zile zilizochanika zikakataliwa sokoni, na kutoa pesa kwa ajenti ikawa na komisio ya kuuma. Mji mzima ukaegemea Airtel Money, M-Pesa na Orange Money.

Sasa, nani alikuwa tayari kupokea pesa ya namna hiyo? Wauza parabole. Kwa miaka mingi tayari wameuza abonema kwa mwezi mmoja mmoja, kwa simu ao kwa ajenti wa kona, bila mkataba na bila benki. Mteja akikosa, inakatika. Akipata, anarudisha. Ndani ya Goma kuna nyumba nyingi ambazo dekoda inalala miezi mitatu na kuamka wakati wa CAN ao wa Ligi ya Mabingwa. Wataalamu wa makampuni wanaita hiyo kupoteza mteja. Kwa mkaaji wa hapa ni akili ya kawaida: kununua televisheni sawa vile unanunua makala, kadiri ya pesa ya siku.

Strimingi nayo iko na wateja wake wa namna hiyo, lakini wengi wanapita kwa dirisha. Wanatumia akaunti ya ndugu aliye Kigali, Kampala, Ubelgiji ao Kanada. Dirisha hilo nalo linafungwa pole pole, maana tangu 2023 Netflix imeanza kubana watu wanaogawana akaunti moja kwa nyumba tofauti.

Mpira haungoji

Filamu inaweza kungoja hadi kesho. Mpira hauwezi.

Tarehe 16 mwezi wa kumi na moja 2025, kule Rabat, Leopards walitoka sare 1-1 na Nigeria na wakashinda kwa penalti. Siku tatu mbele walikuwa wameshinda Cameroun 1-0. Mtu anayeangalia penalti kwa strimingi anajua mateso yake: picha ya intaneti inachelewa kwa nusu dakika hivi, wakati mwingine zaidi, nyuma ya ile ya satelite. Jirani mwenye parabole anapiga kelele, wewe bado unaona mchezaji anaweka mpira chini. Unajua matokeo mbele ya kuona shuti. Na hiyo ni kama mega haijaisha.

Hii ndiyo sababu kubwa parabole bado inasimama juu ya bati za Goma. Mashindano makubwa yanauzwa kwa haki za nchi na nchi, na mwenye haki ndiye anayeshika wateja. Canal+ inaonyesha Ligi ya Uingereza na Ligi ya Mabingwa kwa Afrika inayozungumza Kifaransa. Mwaka 2022 kampuni ya Togo, New World TV, ilishangaza wengi kwa kununua haki za Kombe la Dunia la Qatar kwa nchi hizo. Mtu wa kawaida aliona tu kwamba ghafla alipaswa kuuliza: mechi iko kwa chaneli gani? Upande wa Kiswahili, anayetafuta Simba na Yanga anatafuta Azam TV ya Tanzania, na tangu Fiston Mayele alipofunga magoli yake kule Yanga, wanaoitafuta huku Mashariki hawakupungua.

Tena mpira una uchumi wake. Mwenye nganda wa Majengo ao Virunga analipa abonema moja na kuweka watu sitini mbele ya kioo kimoja. Anauza bia, sukari na brosheti. Nyumba ya video inachukua franka kidogo kwa kila kichwa. Abonema moja, watu sitini: hakuna hesabu ya mega inayoweza kushindana na hiyo. Kampuni haipendi, kwa kuwa abonema ya nyumba si ya biashara, lakini ndivyo mji unavyoishi.

Kinachokula parabole kweli

Ila itakuwa uongo kusema parabole iko salama. Kuna kitu kinaikula, na kitu hicho si Netflix. Ni vitu vya bure ao karibu bure.

Pembeni ya barabara, kijana mwenye kompyuta moja anajaza flashi: filamu kumi, muvi ya Kihindi, vipande vya mfululizo wa Korea, zote kwa bei ya soda. Nyingi zimetafsiriwa kwa sauti juu ya picha, ile kazi ambayo Lufufu aliifanya Tanzania, DJ Afro Kenya na VJ Jingo Uganda. Msimulizi anaongeza utani wake, anawapa wachezaji majina ya hapa kwetu, na bibi ambaye hakusoma Kifaransa anafuata hadithi hadi mwisho. Chaneli ya kulipia inayosema Kifaransa saa 24 haijawahi kumpa bibi huyo kitu cha namna hiyo. Ni wizi, kweli, na watengenezaji wa filamu hawapati kitu. Lakini ukitaka kujua soko linataka nini, angalia foleni mbele ya kompyuta ile.

Baadaye kuna YouTube, TikTok na WhatsApp. Vikundi vya vichekesho vya Goma na Bukavu vinapiga video kwa simu, kwa Kiswahili chetu, na zinazunguka kwa vipande vya dakika tatu. Dakika tatu hazili mega nyingi. Innoss'B, mtoto wa Goma, hakungoja chaneli ya kulipia impeleke mbali: remiksi ya Yope pamoja na Diamond Platnumz, mwaka 2019, iliangaliwa kwa YouTube zaidi ya mara milioni 100. Kijana wa miaka 17 leo anajua majina ya watu wa TikTok kuliko watangazaji wa televisheni. Huyo hataacha parabole, kwa sababu hajawahi kuishika. Akipanga chumba chake mwenyewe, hatanunua dekoda. Atanunua simu kubwa zaidi.

Hapo ndipo tofauti na Marekani inapoonekana. Kule watu walihama kutoka kulipa kebo kwenda kulipa strimingi. Huku, kizazi kipya kinatoka kwa parabole ya wazazi kwenda kwa vitu vya bure, na kinarudi kulipa siku ya mpira tu. Kwa makampuni hiyo ni habari mbaya kuliko Netflix, sababu mteja wa siku ya mpira analipa mara nne kwa mwaka.

Mlango mmoja

Wauza parabole wamekwisha elewa. Mwezi wa sita 2025, Canal+ na Netflix walitangaza makubaliano: Netflix itauzwa kwa kupitia Canal+ katika nchi 24 za Afrika kusini mwa Sahara, nyingi zikiwa za Kifaransa. Canal+ yenyewe iko na programu yake ya simu, ambako mwenye abonema anaangalia chaneli zake bila kukaa mbele ya televisheni. Maana yake, wale wawili waliosemwa kuwa maadui wamekaa meza moja. Netflix inapata kitu ambacho haikuwa nacho huku: ajenti wa kona, mobile money, na mteja asiye na benki. Canal+ inapata jibu kwa mtoto anayesema chaneli zake zinachosha.

Kwa hiyo kuuliza kama strimingi itachukua nafasi ya televisheni ya kulipia ni kuchelewa kidogo. Kwa Mashariki ya Kongo, strimingi ya kulipia itaingia nyumba nyingi kupitia dekoda ileile, kwa abonema ileile, kwa kampuni ileile. Na kampuni hiyo, kwa kumeza MultiChoice, sasa inashika sehemu kubwa ya picha za kulipia kutoka Dakar hadi Cape Town. StarTimes ya Wachina ipo na bei yake ndogo, Azam ipo, lakini kwa mpira mkubwa wa Ulaya kwa Kifaransa, mlango ni karibu mmoja. Mlango ukiwa mmoja, bei inapangwa na mwenye mlango. Wakaaji wa Goma wanajua hadithi hiyo kwa upande wa maji na umeme.

Kuna tena swali la nani anaamua tunachoona. Wakati wa CAN ya Côte d'Ivoire, mwanzo wa 2024, Wakongomani wengi walilaumu Canal+ kwamba inaficha picha za mashabiki waliobeba mabango juu ya vita ya Mashariki. Kampuni ilikana, ikaeleza kwamba picha za mechi hazitengenezi yenyewe, inazipokea kutoka kwa waandaaji. Tarehe 7 mwezi wa pili, mbele ya nusu fainali dhidi ya Côte d'Ivoire, wachezaji wa Leopards walifunika mdomo kwa mkono mmoja na kuweka vidole viwili kwa kichwa sawa vile bunduki, na dunia nzima ikaona. Ilionekana kwa parabole na ikazunguka kwa simu. Siku ile njia mbili zilisaidiana.

Wanaodhani intaneti haina mwenye mlango wakumbuke pia. Baada ya uchaguzi wa 30 mwezi wa kumi na mbili 2018, intaneti ilikatwa Kongo nzima karibu siku 20. Mwanzo wa mwezi wa pili 2025, siku chache baada ya Goma kuanguka, X na TikTok zilizuiliwa nchini. Mtu aliyeuza parabole yake ili abakie na simu peke yake alibakia na nini wakati ule? Wengi walirudi kwa redio ya bateri.

Jambo la mwisho ambalo halizungumzwi vya kutosha ni lugha. Canal+ iko na Maboke TV kwa Lingala. Mwaka 2022 ilinunua Zacu Entertainment ya Rwanda, na Kinyarwanda kikapata chaneli yake ya filamu. Kwa kuchukua MultiChoice imepata pia chaneli za Kiswahili kama Maisha Magic Bongo, lakini Kiswahili hicho ni cha Dar es Salaam, chenye hadithi za Dar es Salaam. Watu wa Kivu, Ituri, Maniema, Tanganyika na Katanga ni mamilioni, na wanalipa abonema sawa na wengine. Watengenezaji wa filamu wa Goma wapo, wamejifunza kazi kwa taabu, na filamu zao zinaishia mara nyingi kwa maonyesho ya siku moja ao kwa flashi ya bure. Kampuni inayotaka kijana wa TikTok alipe zaidi ya siku ya mpira ingefaa kuanzia hapo. Kiswahili chake, mtaa wake, vichekesho vyake: hivyo Netflix haiwezi kumletea kutoka California.

Kwa sasa familia nyingi zitaendelea kuchanganya. Dekoda kwa mwezi wa mashindano, flashi kwa filamu, mega kidogo kwa vichekesho, redio kwa habari. Anayefikiria kununua kitu mwaka huu afadhali aangalie kwanza umeme wake, si ubora wa picha: kama moto unakuja usiku mara mbili kwa wiki tu, parabole mpya ni pesa iliyotupwa juu ya bati. Kama nyumba ina watu wengi na umeme unashika, abonema ndogo ya mwezi mmoja mmoja bado ni bei ya chini kuliko giga 120.

Mtihani mkubwa unakuja mwezi wa sita 2026. Kombe la Dunia litachezwa Marekani, Kanada na Mexico kuanzia tarehe 11, na Leopards walipaswa kwanza kupita barrage moja mwezi wa tatu 2026 kule Mexico. Mechi ya saa tisa mchana ya New York inaanguka saa tatu ya usiku hapa Goma, lakini ile ya saa tatu usiku ya kule ni saa tisa ya usiku kwetu. Saa hiyo nganda zimefungwa na hakuna anayetembea barabarani kwa sasa. Watu sitini hawatakaa mbele ya kioo kimoja. Kila mtu ataangalia kwake, kwa dekoda yake ao kwa mega zake, kama moto upo.